Tafsiri ya Aikande

Jumamosi jioni, Pasua, Moshi,
runinga ya Mzee Ndesario ilivuliwa kitambaa chake cha kufuma
taratibu, kama bibi harusi anayefunuliwa shela.
Sisi, miguu tumeshanawa bombani kwa amri,
tulikaa sakafuni, watu wazima nyuma yetu kwenye makochi.
Nje, juu ya mti wa mkaratusi,
mfuniko wa sufuria ulinasa picha kutoka ng'ambo ya mpaka.

Katuni ilikuwa ya familia moja:
baba shingo ndefu, tai fupi,
mama na miwani yake,
watoto watatu ambao hawakui mwaka hadi mwaka.
Kila waliposema neno, umati usioonekana ulicheka.
"Wanaocheka ni nani?"
"Majirani zao," alisema Aikande.

Alikuwa kidato cha pili, sketi ya shule hata Jumamosi.
Kiingereza chote cha nyumba ile kilipita kinywani mwake
kama maji ya mtaa mzima yapitavyo bomba moja.

Siku hiyo yule baba alimbusu mkewe, akachukua mkoba, akaaga.
Hakwenda kazini.
Aliketi kwenye benchi kando ya bwawa la bata,
akafungua mkoba: kipande cha keki.
Umati ukacheka. Nasi tukacheka, kwa kuwafuata.

"Amepunguzwa kazi," alisema Aikande, macho kwenye kioo.
"Kiwanda kimefungwa. Hajamwambia mke wake.
Mwezi wa tatu sasa, kila asubuhi anaaga."

Nyuma yangu kochi likalia kidogo.

Baba yangu alikuwa wa kiwanda cha magunia.
Naye alikuwa na mkoba.
Alitoka saa moja kasoro, viatu vinang'aa,
akarudi jioni bila uzi hata mmoja wa katani kwenye shati,
na shati hilo mama ndiye aliyelifua.

"Sasa mbona hasemi?" mama aliiuliza runinga.
"Anaogopa," alijibu Aikande,
ingawa kwenye kioo hakuna aliyesema kitu,
bata tu walikuwa wakipita.
"Anaogopa nini? Kwani mkewe aliolewa na kiwanda?"
Umati ukacheka. Mle chumbani, hakuna.

Umeme ukakatika.
Mtaa mzima ulisema "aaah!" kwa sauti moja,
kisha kila nyumba ikaanza kutafuta koroboi yake.
Gizani nilimsikia baba akikohoa
kikohozi cha mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.
Hakuupata, usiku ule.

Jumatatu mama hakumfungia ndizi zake za kuchemsha.
Aliweka vikombe viwili mezani.
"Kaa. Chai utanywea hapa."
Akakaa, na viatu vyake vinavyong'aa.
Waliyosema sikuyasikia: nilitumwa chumvi dukani,
na chumvi ilikuwepo.

Miaka thelathini imepita. Mwanangu Elinami
ana katuni zote ndani ya simu.
Juzi akaipata ile ile: shingo, tai, bata.
Sasa Kiingereza ninacho, cha kunitosha.
Yule baba hakupunguzwa kazi.
Alipunguziwa sukari.
Daktari amemkataza vitamu, mke amefunga kabati,
naye anajificha bwawani kula keki.
Basi. Ndicho kisa chote.

Nilimfuata Aikande Kiboriloni, anakouza mapazia ya mtumba.
Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika meza.
"Kidato cha pili, wewe! Keki niliijua.
Mengine nilikisia."
Akakunja pazia, akalikunjua, akalikunja tena.

"Lakini baba yako nilikuwa namwona.
Nikitoka shule, napita stesheni ya reli.
Treni ya abiria haiji, na yeye yuko pale kwenye benchi,
anawamegea kunguru ndizi.
Walishamzoea. Mmoja alipanda mpaka kwenye mkoba."

Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.
Alilinyoosha pazia kwenye mwanga, tukatazama kama lina tundu.
"Hili elfu nane," akasema. "Kwako saba."